Soma kwanza, andika baadaye: maoni yangu kuhusu printenv

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu, na wasomaji wawili watatu wameniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa upande wa Kinangop nikipigana na visanduku vya kupimia maziwa. Nimerudi na mafua, gunia la viazi, na maoni ambayo nataka kuyatoa kabla hayajapoa.

Maoni yenyewe ni haya: kifaa ambacho mwenyewe hawezi kukiuliza "unawakaje?" bado si chake, hata kama ana risiti. Na swali hilo, kwa vifaa vingi vidogo vinavyotuzunguka, huulizwa kwa neno moja tu: printenv.

Kwa wale ambao si watu wa kompyuta, ngoja nieleze kidogo. Wale mnaojua mnaweza kuruka aya tatu zinazofuata, sitakasirika.

Ukiwasha ruta, king'amuzi au mashine ya tiketi, Linux haiamki yenyewe. Kuna programu ndogo inayotangulia, inayoamsha kumbukumbu, kutafuta kerneli mahali ilipohifadhiwa, kuipakia na kuikabidhi usukani. Programu hiyo ndiyo butiloda. Kwenye vifaa vidogo inayojulikana zaidi ni U-Boot. Iliendelezwa na Mjerumani Wolfgang Denk kwa jina la PPCBoot, kisha mwaka 2002 ikapewa jina la sasa kwa sababu ilikuwa imeanza kufanya kazi kwenye vichakato vya aina nyingine pia. Kwa Kijerumani U-Boot ni nyambizi, na jina linaifaa: inafanya kazi chini ya maji na abiria hawaioni. Mzee Denk alifariki mwaka 2022, lakini programu yake inaendelea kuamsha vifaa kila kona ya dunia.

Sasa, butiloda hii hujuaje kerneli iko wapi? Inasoma orodha ya vigeu vya mazingira. Ni maandishi ya kawaida kabisa, jina, alama ya sawasawa, thamani. bootcmd ni amri zitakazotekelezwa kifaa kikiwaka. bootargs ni maneno atakayopewa kerneli. bootdelay ni sekunde za kusubiri kabla ya kuendelea, ili binadamu apate nafasi ya kubonyeza kitufe na kuingilia. ethaddr ni anwani ya kadi ya mtandao. Orodha yote huhifadhiwa kwenye flashi au kadi, ikitanguliwa na baiti 4 za CRC32 za kuhakikisha kwamba haijaharibika.

Ukiunganisha laptopu kwa nyaya tatu (ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi), ukaweka mwendo, ambao mara nyingi ni 115200, ukawasha kifaa na kubonyeza kitufe kwa wakati, utapata alama ya => inakusubiri. Andika printenv. Orodha yote inateremka mbele yako. Kifaa kinajieleza. Kigeuzi cha USB cha kufanyia kazi hii nilikinunua Luthuli Avenue kwa pesa kidogo sana. Hakikisha tu ni cha volti 3.3, na ule waya wa umeme usiuguse, kifaa kina umeme wake.

Haya, tupande Kinangop.

Kuna ushirika mmoja wa maziwa huko ambao ulinunua visanduku 11 vya kidijitali. Mkulima anamimina maziwa, mizani inapima, kisanduku kinaandika kilo, kinachapa karatasi na jioni kinatuma hesabu kwenye seva ya kampuni iliyoviuza. Wakulima walivipenda. Zamani karani aliandika kwa kalamu ya risasi na kila mwisho wa mwezi kulikuwa na ugomvi. Kisha kampuni ile ikafunga kazi. Simu hazikushikwa, seva ikazimika. Hilo peke yake halikuwa janga, kwa sababu kisanduku kinaweza kupima na kuchapa bila seva. Lakini baada ya muda vikaanza kufa, kimoja kimoja. Skrini inawaka, inaandika "Tafadhali subiri", na hapo ndipo inapobaki. Asubuhi, mchana, wiki nzima. Saba vilikwenda hivyo. Vinne vilibaki vizima, na hakuna aliyejua kwa nini.

Fundi wa mjini aliviangalia akasema ubao umeungua, nunueni vipya. Katibu wa ushirika, ambaye ni rafiki ya mjomba wangu, akanipigia. "Kijana, njoo uviangalie kabla hatujavitupa. Hizo ni pesa za maziwa, si za serikali."

Sasa nakiri dhambi yangu, maana bila hiyo makala hii itakuwa ya kujisifu.

Nilifika jioni, nimechoka, nikafungua kisanduku cha kwanza kwenye meza ya ofisi huku katibu na mama mmoja wa kamati wakinitazama. Nikapata pini za konsoli, nikaunganisha, nikaona U-Boot. Nikafurahi kama mtoto. Na bila kusoma chochote nikaandika env default -a, kisha saveenv. Hii ni tabia niliyoizoea kwenye bao zangu za majaribio nyumbani: kitu kikileta shida, rudisha vigeu vya kiwandani, hifadhi, anza upya. Nyumbani haina madhara. Pale ofisini nilikuwa nimefuta orodha yote ya kisanduku na kuweka ile ya mtengenezaji wa ubao, ambaye hajawahi kusikia habari za maziwa. Kisanduku hakikuandika tena hata "Tafadhali subiri". Kilikuwa giza.

Nilikwenda kulala nikiwa mdogo kama sisimizi.

Asubuhi nilichukua kisanduku cha pili na kuapa kwamba sitaandika setenv hata moja kabla ya kusoma. Nikawasha kurekodi kwenye programu ya konsoli ili kila herufi iingie kwenye faili. Nikaandika printenv. Kati ya mistari hamsini na kitu, hii ndiyo iliyonisimamisha:

altbootcmd=run recovery
bootcmd=run mmcboot
bootcount=31
bootdelay=1
bootlimit=3
upgrade_available=1

Nikachukua kimoja cha vile vinne vizima, nikafanya vivyo hivyo, nikalinganisha mafaili mawili. Kwenye kizima, upgrade_available ilikuwa 0. Basi. Jibu lote lilikuwa pale, kwa maandishi, likisubiri mtu aulize.

Maana yake ni hii. U-Boot ina ulinzi wa sasisho. Kifaa kikipokea programu mpya, kinainua bendera, upgrade_available=1. Kuanzia hapo kila kinapowaka kinaongeza bootcount kwa moja na kuihifadhi. Programu mpya ikifanya kazi vizuri inatakiwa yenyewe iseme "niko salama" na kuishusha bendera. Isipofanya hivyo, na bootcount ikapita bootlimit, butiloda inahitimisha kwamba sasisho ni bovu. Inaacha bootcmd na kufuata altbootcmd, njia ya wokovu. Ni wazo zuri sana, na limeokoa vifaa vingi vilivyo juu ya milingoti ambako fundi hafiki.

Tatizo ni kwamba kampuni ile iliamua programu itasema "niko salama" pale tu itakapoongea na seva. Walituma sasisho la mwisho, wakafunga seva muda mfupi baadaye. Visanduku saba vilivyopokea sasisho havikupata wa kumwambia kwamba viko salama. Bendera ikabaki juu. Kuwaka kwa kwanza baada ya sasisho ni moja. Stima ikipotea na kurudi, mbili. Ikipotea tena, tatu. Ya tatu, nne, na nne imepita tatu. Ndiyo maana vilikufa kwa nyakati tofauti: kila kituo kina bahati yake ya stima. Na njia ya wokovu ilikuwa nini? Kuita seva ile ile iliyokufa na kuiomba programu mpya. "Tafadhali subiri." Vile vinne vizima havikuwa na mtandao siku ya sasisho. Vilipona kwa sababu havikusikia.

Hakuna ubao ulioungua. Dawa ilikuwa mistari minne:

setenv upgrade_available 0
setenv bootcount 0
saveenv
reset

Kisanduku cha pili kikawaka. Katibu akamimina chai yake kwenye mizani ili aone kama kweli inapima. Kufikia saa kumi jioni sita vilikuwa vinafanya kazi.

Kilibaki kile changu cha kwanza. Nilikijengea vigeu upya kwa kunakili kutoka kwa mwenzake, isipokuwa ethaddr, ambayo nilisoma kwenye kibandiko cha ubao, kwa sababu vifaa viwili vyenye anwani moja kwenye mtandao mmoja vitagombana. Kikawaka. Lakini kulikuwa na kigeu kimoja ambacho sikuweza kukinakili popote: namba ya urekebishaji wa mizani. Kila mizani ina yake, iliyopatikana kwa kupima mawe ya uzito unaojulikana, na kampuni iliamua kuiweka mle mle kwenye vigeu vya butiloda. Niliifuta usiku ule kwa sekunde mbili. Haikuwa imeandikwa mahali pengine.

Mizani isiyo na urekebishaji haiwezi kupima maziwa ya watu. Ilibidi irekebishwe upya, na ofisa wa vipimo na mizani wa kaunti aje kuikagua kabla ya kutumika. Kwa zaidi ya wiki moja, wakulima wa kituo kile walirudi kwenye mizani ya kuning'iniza na daftari. Yule mama wa kamati, ambaye anapeleka maziwa yake pale, aliniuliza kwa upole mbele ya watu: "Kwa hiyo mwanangu, wewe ndiye uliyefuta mizani yetu?" Nikasema ndiyo, mama. Sikuwa na jibu lingine.

Nimesimulia haya yote ili nifike kwenye mambo matatu.

La kwanza ni kwa mafundi wenzangu. Printenv ndiyo amri ya kwanza, kila mara, bila kujali umechoka kiasi gani. Kusoma hakuharibu kitu. Rekodi kwenye faili, ipe faili jina la kifaa na tarehe, iweke mahali pawili. Na usome kwa akili. Printenv inakuonyesha nakala iliyo kwenye RAM. Ikiwa umeandika setenv bila saveenv, unachokiona sicho kilichohifadhiwa. Tazama pia mistari iliyotangulia: ukiona onyo la "bad CRC, using default environment", ujue orodha iliyo mbele yako ni ya kuzaliwa nayo na ile ya kweli imeharibika au haikupatikana. Hapo ndipo watu wengi hukimbilia saveenv na kufunika ushahidi. Vigeu vinavyoanza na nukta hufichwa. Tumia printenv -a. Na ikiwa Linux bado inawaka, huhitaji hata kufungua kifuniko: kuna fw_printenv, mradi faili la /etc/fw_env.config lionyeshe mahali sahihi.

Tabia hii haiko kwa U-Boot peke yake. Barebox ina printenv. Mashine za zamani za Sun zenye OpenBoot zilikuwa na printenv. GRUB kwenye kompyuta ya mezani ina amri ya set, na list_env kwa vile vilivyohifadhiwa. Watu walioandika butiloda hizi hawakukaa kikao kimoja, lakini wote waliona kwamba mashine lazima iweze kusema inachofikiri kabla mtu hajaigusa.

La pili ni kwa watengenezaji, na hapa najua nitabishiwa. Siku hizi kuna mtindo wa kuweka bootdelay kuwa -2, yaani kifaa kinapita moja kwa moja bila kuangalia kama kuna mtu anabonyeza kitufe. Wengine wanazima konsoli kabisa. Wanaita usalama. Na hoja yao si ya kijinga: mwenye bisibisi na nyaya tatu anaweza kubadilisha bootargs, akaongeza init=/bin/sh, akaingia ndani ya Linux bila neno la siri. Kwenye kifaa kinachoandika kilo za maziwa, hilo ni jambo la pesa. Karani mwenye tamaa akijifunza hayo, mkulima ataumia.

Nakubali hatari. Dawa yao ndiyo siikubali. Kuficha si kufunga. U-Boot ina uwezo wa kudai neno la siri kabla ya kusimama, na neno hilo linahifadhiwa kama SHA256, si maandishi wazi. Ina uwezo wa kukagua sahihi ya kerneli kabla ya kuipakia. Tumieni hivyo. Lakini neno la siri liwekwe kwenye bahasha, liende kwa aliyenunua kifaa pamoja na funguo za sanduku. Nyumba hujengwa na fundi, na fundi anaweza kuweka kufuli nzuri kuliko zote duniani. Akiondoka na funguo zote mfukoni, hajamlinda mwenye nyumba, amemteka. Fikiria kama kampuni ile ingeweka -2. Visanduku saba vizima, visivyo na hitilafu hata moja, vingekwenda jaani Dandora kwa sababu ya tarakimu moja iliyobaki 1 badala ya 0.

Na huku wakifunga mlango wa mbele, ndani ya vigeu vya visanduku vile nilikuta neno la siri la seva yao, wazi wazi, herufi kwa herufi. Vigeu vya butiloda si mahali pa siri. Havikufichwa kwa usimbaji wowote. Anayeweka siri humo ndiye anayeogopa printenv, na anaogopa kwa haki.

Mtaniambia U-Boot ni programu huria, kwa hiyo haki yetu inalindwa. Inalindwa nusu. Leseni yake ni GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, inayokupa haki ya kupata chanzo cha programu. Haikupi ufunguo wa kuweka chanzo hicho kwenye kifaa ulichonunua. Toleo la 3 la mwaka 2007 lilijaribu kuziba tundu hilo, lakini U-Boot, kama Linux, imebaki na la 2. Kwa hiyo sheria ya leseni haitatuokoa peke yake. Ulaya wamepitisha maagizo yao ya haki ya kutengeneza vifaa mwaka 2024. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mtengenezaji awajibike hata baada ya kuuza. Ni mwanzo mzuri, ila taka ya kwanza kuzuia ni ile ambayo bado si taka.

La tatu ni kwenu mnaonunua: shule, ushirika, kaunti, hospitali. Hamhitaji kujua U-Boot. Mnahitaji kuuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi. Moja: kampuni yenu ikifungwa kesho, kifaa hiki kitawaka? Mbili: orodha ya vigeu vyake vya kuwakia mtatupa, kwa karatasi na kwa faili, ya kila kifaa? Tatu: neno la siri la butiloda atashika nani? Muuzaji akicheka, mwulize tena. Akisema ni siri ya biashara, nendeni kwa mwingine.

Katibu tayari anafanya hivyo kwa namna yake. Kabla sijaondoka nilimchapishia printenv ya kila kisanduku, kurasa mbili mbili, namba ya mizani nikaipigia mstari kwa wino mwekundu. Nakala moja imebandikwa ndani ya kifuniko. Nyingine ameiweka kwenye faili la kumbukumbu za mikutano, baada ya orodha ya ng'ombe waliochanjwa. Yule mama wa kamati aliomba aione ya kituo chake. Akasoma ile namba yenye mstari mwekundu mara mbili, akaniuliza kama hiyo ndiyo niliyoifuta. Nikamwambia ndiyo, hii ni mpya. Akachukua kalamu akaiandika nyuma ya kitabu chake cha maziwa.

Sijaona mkakati bora wa nakala ya akiba mwaka huu.

Kama una kifaa kilichokwama na hujui pa kuanzia, niandikie. Lakini usiniandikie kabla ya kusoma printenv. Nitakuuliza hilo kwanza.